Vidato vya Babu

Tangu nilipokuwa darasa la tano nimekuwa nikiitumia methali isemayo, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Nimeieleza maana yake ya nje na ya ndani, nimeitungia visa, na katika mtihani mmoja ilinipatia alama 18 kwa 20. Hata hivyo, hadi nilipoingia mwaka wa pili wa chuo kikuu, sikuwa nimewahi kusimama chini ya mnazi nikamtazama mgema akigema. Aibu hii ingalikuwa na udhuru lau ningalizaliwa bara, ambako nazi huonekana sokoni tu. Lakini mimi ni Mgiriama, na marehemu babu yangu, mzaa baba, aliishi na kufa Tezo akiwa mgema.

Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na kila alipojaza fomu iliyouliza kazi ya wazazi wake aliandika "mkulima". Nami nilipoomba mkopo wa masomo nilifuata nyayo zake. Haikuwa uongo, kwa kuwa mnazi ni mmea na anayeutunza ni mkulima. Ila sijaona mkulima wa mahindi akifichwa namna ile.

Safari ninayoisimulia ilitokana na kazi ya darasani. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 mhadhiri wetu wa leksikografia alitutaka, wawili wawili, tukusanye msamiati wa kazi moja ya jadi, maneno yasiyopungua 50, kutoka vinywani mwa watu wanaoifanya kazi hiyo. Tulikatazwa kunakili kamusi. Mwenzangu alikuwa msichana wa Lamu, mcha Mungu na mwepesi wa mzaha. Alikuwa ametazama filamu moja kuhusu watalii wanaozuru viwanda vya wiski huko Scotland, wakipitishwa penye mapipa, wakionjeshwa hiki na kile, kisha wakiketi kula vyakula vya kienyeji. "Nasi twende tukazuru viwanda vya kwenu," akaniambia. "Wewe utaonja vinywaji, mimi nitaonja vyakula." Nilicheka, kisha nikajikuta nimekubali kabla sijafikiri.

Tezo iko kaskazini mwa mji wa Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, na kwa matatu ni mwendo mfupi tu. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo bila kukumbuka kuwa tezo ni chombo cha seremala cha kuchongea mbao. Kama mji ulipewa jina kwa ajili ya chombo au kwa sababu nyingine, hilo si la insha hii. Tulishuka alfajiri, jua halijachomoza, tukaketi katika kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiepua mahamri. Alitupakulia na mbaazi za nazi, tui zito limezikumbatia, pamoja na chai ya tangawizi. Mwenzangu alikula manne, akaandika katika daftari kuwa ziara imeanza vyema.

Mwenyeji wetu alikuwa ndugu mdogo wa babu, ambaye sikuwa nimemwona kwa muda wa miaka tisa. Tulimkuta uani akinoa kisu.

"Shikamoo babu," tukamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona mmekuja na madaftari? Mmetumwa kunihesabu?"

Tulimweleza shabaha yetu. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua mtu. "Baba yako anajua umekuja?" akauliza. Nikasema hajui. Akatikisa kichwa, akakiinua kile kisu, na somo likaanza hapo hapo: kisu kile kipana, kilichopinda, kinaitwa kotama. Neno hilo nililijua kutoka kamusini, lakini sikuwa nimejua kuwa makali yake hutakiwa kuwa kama ya wembe, kwa kuwa mgema hakati kwa nguvu, bali huparaza.

Mnazi hutoa maua yake yakiwa ndani ya ala ngumu iitwayo karara. Yakiachwa, karara hupasuka, upunga huchanua, na kutoka hapo safari ya nazi huanza: kidaka, kitale, dafu, koroma, hatimaye nazi yenyewe. Mgema huiwahi karara kabla haijapasuka. Huifunga kwa kamba isifunuke, huilaza kidogo kidogo siku baada ya siku, kisha huparaza ncha yake. Utomvu hudondoka tone kwa tone katika kibuyu kilichotundikwa chini yake. Ncha ikikauka tone hukoma, hivyo mgema hana budi kupanda asubuhi na jioni, na wengine hata mchana, kila siku, jua na mvua. Karara moja huweza kugemwa kwa wiki kadhaa. Karara iliyogemwa haizai nazi. Bibi, mke wa mwenyeji wetu, aliisikia sehemu hiyo kutoka jikoni akachangia: "Ndiyo maana mke wa mgema hununua nazi kwa jirani!"

Minazi mingi ya shamba lile hukwewa siku hizi na baba mdogo, mwana wa mzee huyo. Mzee mwenyewe amebakiza miwili tu, iliyo karibu na kisima. Miaka 70 si umri wa kukwea mnazi, nami nilimwambia hivyo. Hakunijibu. Alivua kanzu ya kazi, akaning'iniza kibuyu kiunoni, akaweka mguu katika pengo la kwanza lililokatwa katika shina. Alipanda taratibu, bila kutazama chini, vidole vya miguu vikitafuta kila pengo kana kwamba vina macho yake vyenyewe. Mwenzangu alifumba macho mpaka aliporudi ardhini.

"Hayo mapengo huitwaje, babu?" akauliza alipopata sauti.

"Vidato. Hivi vya miti hii miwili alivikata babu yake huyu, baba yake hajazaliwa."

Nilisogea nikaweka kiganja katika kimojawapo. Kingo zake zilikuwa laini kwa kukanyagwa. Baadaye nilimuuliza rafiki yangu asomaye sayansi ya mimea akanieleza sababu. Mwembe au mkorosho ukikatwa gome hujaribu kuliziba jeraha, kwa kuwa shina lake hunenepa mwaka hadi mwaka. Mnazi hauna uwezo huo. Hukua kwa kilele chake tu, na alama iliyokatwa katika shina hubaki pale pale, kwa kimo kile kile, maisha yote ya mti. Nilikuwa nimetia mkono mahali alipotia mguu mtu ambaye nilimjua kwa picha moja tu.

Mzee alimimina katika mboko, yaani kibuyu kidogo cha kunywea. Alimwaga matone machache chini kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia, kisha akanipa. Kilikuwa kinywaji cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kitamu, chenye harufu ya chachu kwa mbali. "Onja uchi," akasema. Mwenzangu alishtuka, nami nikalazimika kumweleza haraka kuwa katika Kigiriama uchi ni tembo, wala halina uhusiano na mavazi. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na neno hilo likawa la kumi na saba katika orodha yetu. Yeye mwenyewe hakuonja, wala mzee hakumshurutisha. "Dini ya mtu haionjeshwi," akasema, akamwangulia dafu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya ziara yetu na ile ya filamu. Kwa mujibu wa sheria ya huko, kinywaji hakiitwi wiski ya Scotland mpaka kilale katika pipa la mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Mwenye kiwanda hufunga mlango akangoja, na kadiri angojavyo ndivyo mali yake ipandavyo thamani. Mgema hana pipa wala mlango. Chachu huanza kazi tangu tone la kwanza linapoingia kibuyuni. Asubuhi tembo ni tamu, alasiri limekuwa kali, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Mwenzangu alikumbuka kuwa bibi yake alikuwa akitia siki ya tembo katika achari, nyumba ambayo tembo lenyewe halikuvuka kizingiti chake. Nadhani ndivyo lilivyo na katika lugha yetu. Waswahili wengi ambao dini imewakataza kileo wamelihifadhi tembo katika methali zao.

Kuhusu methali, nilimsomea mzee ile yangu. Aliisikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Hiyo ilitungwa na mnywaji," akasema. "Mimi nikilitia tembo maji, nani atakuja kesho? Mtu wa hapa akionja tu anajua limetoka mti upi. Anayetia maji ni yule anayenunua kwangu dumu moja akauza mawili. Lakini yeye hana methali, mwenye methali ni mimi."

Tuliandika maneno yake jinsi alivyoyasema. Sijui kama mhadhiri ataniruhusu kuitolea methali maana hiyo, lakini tangu siku ile siwezi kuiandika bila kumsikia mshtakiwa akijitetea.

Adhuhuri bibi alitutandikia mkeka chini ya mwembe. Alikuwa amesonga sima ya mahindi, amepika mtsunga, mboga chungu ya porini, kwa tui la nazi, na samaki aina ya tafi waliokaangwa kisha wakapakwa nazi iliyotiwa ukwaju. Uchungu wa mtsunga na utamu wa tui hugombana kinywani, kisha hupatana. Mwenzangu, ambaye kwao hula wali, aliomba sima mara ya pili, na bibi akatangaza kuwa msichana huyo ni wa kuolewa Tezo. Mzee akadakia kuwa basi na iletwe kadzama. Hilo nalo likawa neno. Kadzama ni tembo linalopelekwa kwa wazee katika jambo zito, kama vile posa au shauri la kuamuliwa. Mahari haizungumzwi kinywa kikavu, na wale waliokunywa pamoja ndio watakaokuwa mashahidi siku ndoa au mpaka wa shamba ukileta ugomvi.

Nilikumbuka nilichowahi kukisoma maktabani. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha kitabu kuhusu minazi, tembo na mashahidi miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni. Alieleza jinsi watu waliokuwa wakijilimbikizia ardhi na minazi walivyojitenga na ulevi wa baraza. Baadhi yao walisilimu kwa kuwa pepo, kwa maelezo ya waganga, alitaka hivyo ili wapone. Kwa njia hiyo walikwepa gharama za kunywa na kunyweshana bila kuonekana wamewakana jamaa zao. Hata hivyo, waliendelea kuwahitaji wazee wanywaji, kwa sababu hao ndio waliojua shamba gani liliuzwa na nani. Nilipokisoma nilikiona kitabu cha watu wa zamani. Nikiwa nimeketi pale mkekani nilimwona baba yangu ndani yake, ila badala ya msikiti palikuwa na kanisa.

Alasiri mzee alitupeleka kwenye mangwe, kilabu cha tembo kilichoezekwa makuti, yapata nusu saa kwa miguu. Wazee walikuwa upande mmoja wakinywa kwa mirija na kuzungumza polepole. Upande wa pili walikuwamo vijana wa rika letu. Mmoja wao alikuwa amelala kifudifudi juu ya benchi, na saa nane ilikuwa haijapita. Muda si muda alikuja mama mtu mzima akamwinua bila neno, akamwegemeza begani, akaondoka naye. Hakuna aliyecheka. Mwenzangu alikunja daftari.

"Andika na hilo," mzee akamwambia. "Uchi wa kadzama ulikuwa na wazee wake. Huu una pesa tu."

Nilimuuliza kuhusu serikali. Nilijua kuwa sheria ya mwaka 1980 iliiharamisha chang'aa na kuwa sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliifuta ile ya awali. Nilijua pia kuwa kwa Katiba ya mwaka huo huo utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Yeye aliyajua hayo kwa njia nyingine. Kila paanzapo msako wa pombe haramu, alisema, anayekamatwa kwanza ni mwenye dumu begani, kwa kuwa hana gari la kukimbilia. "Sheria hubadilika mwanangu. Mnazi ni ule ule na magoti ni yale yale."

Njiani tukirudi nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi. Nyumbani niliambiwa kuwa babu aliugua miguu akafa mwaka 1994. Je, ilikuwa maradhi gani?

Mzee alisimama. "Maradhi? Kaka yangu alianguka. Mwaka 1988, mvua za masika. Kulikuwa na utelezi. Alipofika kileleni akashika kuti ili ajivute, nalo lilikuwa kavu. Kuti bichi hukushika hata ukilikalia. Kuti kavu halikuonyi, hutoka lote pamoja na shina lake." Alinionyesha kwa mikono miwili iliyofunguka ghafla. "Hakufa siku ile. Alivunjika nyonga, akakaa. Baba yako alikuwa kidato cha tatu. Akarudi nyumbani na sanduku lake, akasema shule imekwisha, atagema. Kaka yangu akakataa. Akaniita akaniambia, 'Minazi yangu ni yako mpaka huyu amalize.' Basi nikawa nagema yangu na yake. Mwaka huo na uliofuata."

Nimeandika "amekalia kuti kavu" katika insha nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeuandikia wanasiasa, wezi, wanafunzi wavivu na wachezaji waliokosa mabao. Katika orodha yetu ya maneno ya siku ile, nilipofika neno "kuti", mkono ulikataa, na mwenzangu ndiye aliyeliandika kwa niaba yangu.

Jioni tulikula muhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu, tukamsindikiza mzee hadi kisimani kwa mpando wa pili wa siku. Safari hii mwenzangu hakufumba macho. Tulipoagana bibi alinipa nazi tatu, zilizonunuliwa kwa jirani, nimpelekee baba. Mzee hakutuma salamu. Aliniambia tu kwamba iwapo nitapungukiwa na maneno, nirudi.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani Mtwapa. Nilimkuta baba akisahihisha madaftari, nikaiweka mezani orodha yetu iliyopigwa chapa, maneno 63, bila kueleza yalikotoka, na zile nazi kando yake. Alizitazama nazi kwanza. Kisha alisoma orodha kama asomavyo kazi za wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, midomo ikicheza. Kotama. Karara. Mboko. Mangwe. Kadzama. Alipofika kwenye neno "kidato" alisimama. Sisi tulikuwa tumeandika: pengo linalokatwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate mahali pa kukanyaga. Baba aliongeza chini yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "2. Darasa la shule ya sekondari."

"Kamusi kamili hutoa maana zote," akasema, bila kuinua uso.

Niliitikia kuwa ni kweli. Aligeuza ukurasa, akaurudisha.

"Bado anakwea?"

"Minazi miwili tu, baba."

Alikaa kimya kitambo. Nje, mama alikuwa ameanza kukuna moja ya zile nazi, na sauti ya mbuzi ilitufikia pale tulipoketi.

"Ile ya karibu na kisima," akasema.